Kiti cha Upande wa Kilio

Sherehe nyingi nilizoziandaa katika mji wa Likasi sikuziona. Najua inachekesha, mtu aliyefanya kazi maisha yake yote katika ofisi ya michezo na burudani kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Trésor, mwenzangu aliyebaki ofisini, amenisumbua wee mpaka nimekubali kukaa chini na kueleza sababu. Anasema vijana watakaoajiriwa baada yetu watataka kujua kwa nini siku ya sherehe mfanyakazi mmoja hukosekana uwanjani. Kama wataajiriwa. Tusiombe mengi mno.

Jina langu ni Bernadette, lakini hapa mtaani Kikula hata wachuuzi wa mkaa wananiita Ma Berna. Siku yangu ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vya kisigino kirefu, maana niliambiwa ni kazi ya ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la komini, yaani manispaa ya mtaa. Ndani mlikuwa na spika mbili za bati, kipaza sauti, rundo la magunia matupu ya unga kwa ajili ya mbio za watoto, na jenereta iliyokubali kuwashwa na mtu mmoja tu duniani. Mtu huyo aliitwa Papa Kalenga. Alikuwa mkubwa wangu, mnene, mwenye sauti ambayo ingeweza kufanya kazi bila zile spika. Aliniangalia miguuni kabla ya kuniangalia usoni.

"Mama mudogo," akasema, "hii viatu ni ya kwenda nayo ku misa. Huku tunatembeaka."

Kesho yake nilikuja na ndala, na tukatembea.

Wakati ule mji bado ulikuwa na mambo ya kuonyesha familia siku ya Jumapili. Kulikuwa na bwawa la kuogelea lenye maji. Kulikuwa na bustani chini ya mijakaranda, na ndani ya bustani kibanda cha nyani mmoja mwenye kiburi, aliyedumu kazini kuliko wakurugenzi wote niliowajua. Kulikuwa na sinema, na bendi ya matarumbeta ya wafanyakazi wa kiwandani, iliyojua vizuri wimbo mmoja na nusu. Mara moja moja tulipakia familia kwenye lori tukazipeleka Mwadingusha kuona maporomoko ya maji, na akina mama walibeba bukari, ugali wetu, na samaki kana kwamba tunahama nchi. Kisha vitu hivyo vikaanza kutuacha kimoja kimoja. Bwawa likakauka, watoto wakalifanya uwanja wa mpira, na mpira ulikuwa mzuri kweli kwa sababu hautoki. Sinema ikawa kanisa. Nyani akafa kwa uzee, na kibanda chake kikang'olewa vyuma. Mwishowe tukabaki na uwanja wa Kikula, jenereta, na manège.

Manège ni ile bembea ya kuzunguka ambayo watoto hupanda wanyama wa mbao. Yetu ilitengenezwa na mafundi wa kiwanda kwa mabomba chakavu: pundamilia, gari dogo, farasi wawili, na tembo asiye na mkonga. Haikuwa na mota, ilisukumwa na wanaume wawili. Ilikuwa na kilio chake, chuma kikisuguana na chuma katikati, mlio mrefu wa kukera meno uliosikika mpaka barabara ya Kambove. Mama akisikia mlio ule jikoni kwake anajua sherehe imeanza, na anawafungulia watoto mlango.

Papa Kalenga hakunifundisha kitu akiwa ameketi. Kila kitu nilikipata njiani. Magunia ya mbio yakung'utwe unga mbali, nyumba ya tatu kutoka hapo, na si uwanjani, la sivyo watoto wote watamaliza wakiwa weupe na mama zao watakutafuta. Bendi iwekwe kivulini, kwa sababu mpiga ngoma kubwa akiona jua anakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Kiongozi akishika kipaza sauti, simama karibu na jenereta, na baada ya muda wa kutosha jenereta ipate "matatizo." Haya yote yamenisaidia. Lakini kazi yenyewe, alisema, ilikuwa ya siku moja kabla ya sherehe.

Siku hiyo tulizunguka barabara zote zilizo karibu na uwanja tukitafuta kilio. Kwetu huwezi kupiga muziki watu wakiwa na maiti au wakiwa bado wanaomboleza nyumba ya jirani. Kwa hiyo tulitafuta turubai lililofungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki, magogo yanayowaka uani, kwaya ya akina mama. Tukikuta kilio, tunaingia, tunasalimia, tunaketi. Hatusemi kilichotuleta. Tunakaa mpaka mkubwa wa nyumba mwenyewe atuulize, ndipo Papa Kalenga anaomba ruhusa. Wakisema ndiyo, tunacheza. Wakisema hapana, sherehe imekufa na hakuna wa kuifufua, hata meya.

"Wengine banafanya kazi na macho," aliniambia. "Siye ni masikio. Kilio inasikikaka."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa hapa tu angeweza kulifanya, Mkatoliki aliyezoea misiba yenye kwaya.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Papa Ramazani, Mwislamu ambaye watu wake walitoka upande wa Kasongo. Duka lake liliangalia uwanja: sukari, betri, vitenge, mafuta ya taa. Alikuwa na binti mdogo aitwaye Salima. Kwa Papa Kalenga, Salima alikuwa kama saa ya ukutani. Kila sherehe alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya manège, akimtaka yule tembo na si mnyama mwingine. Mwaka ule tulizunguka Ijumaa jioni tukakuta kimya kila mahali. Salima alikuwa ndani na homa. Akafa alfajiri. Kwa desturi yao wakamwosha, wakamswalia, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kumzika. Hakukuwa na turubai, wala kwaya. Wanaume walikaa kwenye mikeka ua wa ndani, wanawake chumbani. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa nusu, nasi tulipopita tumebeba spika tukadhani mzee ameenda kusali.

Alasiri jenereta ikawaka, manège ikaanza kulia, uwanja ukajaa. Papa Kalenga akatazama foleni, akaona kuna kitu kimepungua. Akashika kipaza sauti kwa furaha yake yote.

"Salima! Salima wa Papa Ramazani, uko wapi leo? Kuya, tembo iko nakungojea!"

Akaita tena. Watu wakacheka. Akaita mara ya tatu, kwa wimbo.

Papa Ramazani akatoka dukani akiwa na kanzu iliyochafuka udongo mwekundu magotini. Alivuka uwanja polepole, watoto wakimpisha. Hakupiga kelele. Alifika mbele ya meza yetu akasema:

"Papa Kalenga, acha kumuita. Tunatoka kumuzika."

Sijawahi kuona mtu mnene akipungua mbele yangu namna ile. Papa Kalenga alizima jenereta kwa mkono wake mwenyewe. Watoto wakarudi makwao. Yeye akavua viatu, akaingia ua wa Papa Ramazani, akakaa kwenye mkeka, na hakuondoka mpaka maombolezo yalipokwisha. Mimi nilibeba spika peke yangu nikilia barabarani kama mtu aliyefiwa.

Kutoka siku hiyo tulikuwa na sheria mbili mpya. Ya kwanza: kabla ya sherehe, hata asubuhi ya siku yenyewe, tunapita pia msikitini kuuliza, kwa mdomo, si kwa masikio. Ya pili: usitaje kwenye kipaza sauti jina la mtoto ambaye hujamwona siku hiyo kwa macho yako. Trésor, hii waandikie ukutani.

Sheria ya tatu alituletea Papa Ramazani mwenyewe. Mwaka uliofuata Papa Kalenga alikwenda kumwomba ruhusa, ingawa maombolezo yalikuwa yamekwisha zamani. Nilikuwepo. Papa Ramazani alihesabu tasbihi, kisha akasema:

"Bacheze. Hapana batoto bote balikufa. Lakini muntu mumoja wa kwenu akuye kuikala na siye mpaka muziki itaisha. Tusiisikie siye peke yetu."

Papa Kalenga akanigeukia. "Utaenda weye," akasema. "Utajifunza kunyamaza kidogo."

Nikaenda. Na mwaka mwingine kulikuwa na kilio kwa fundi viatu, nikaenda huko. Na mwingine kwa mjane wa mfanyakazi wa reli. Ikawa ndiyo kazi yangu. Sherehe ikiwa karibu na nyumba yenye msiba, mmoja wetu anakaa upande wa kilio tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na huyo mmoja nilikuwa mimi. Papa Kalenga alipostaafu, na baadaye alipokufa, niliendelea, kwa sababu wenzangu wengine walipenda kucheza, na mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea.

Nimejifunza machache. Njoo na kiti chako, viti vya kilio havitoshi kamwe. Kaa karibu na ukuta, usimkaribie mjane kuliko ndugu zake. Usitazame saa. Usipige mguu chini wimbo ukiwa mtamu. Hili lilinishinda mara kadhaa, nikawa nakalia miguu yangu. Mtu akikutukana kwa ajili ya muziki, mwache atukane, ndicho ulichokujia. Na usishangae wakikuuliza nani ameshinda mbio za magunia. Mzee mmoja aliyefiwa na mke aliniomba nifungue dirisha ili asikie bendi vizuri, maana walikutana kwenye ngoma hiyo hiyo. Wimbo ule mmoja na nusu.

Mwanangu Fiston alikulia katika sherehe hizo. Baba yake alitutoka mapema, nikamlea kwa mshahara nisiopenda kuuzungumzia. Siku ya sherehe nilimvalisha shati safi, nikamwacha uwanjani kwa wenzangu, nikachukua kiti changu nikaenda kwa watu. Jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama, minye nilipanda tembo! Weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ku kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya bantu."

Aliuliza hivyo kila mwaka mpaka alipoacha kuuliza. Mwanangu juu ya yule tembo sikumwona hata mara moja. Nilisikia tu manège ikilia, nikijua mojawapo ya mizunguko ile ni yake. Nilijiambia mwaka ujao. Siku hizi hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Alikua akawa fundi wa kuchomelea vyuma, mzuri, bila karakana. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja uwanjani majuma machache kabla ya sherehe, akaifungua manège yote. Alichomea miguu ya wale farasi. Katikati, pale palipokuwa pakilia, akaweka beringi za pikipiki na grisi. Nilimwuliza tembo atampa lini mkonga. Akacheka, akasema akirudi.

Maana alikuwa anakwenda kuchimba madini, upande wa Shinkolobwe, kwenye mashimo ambayo kila mtu anajua yamefungwa na kila mtu anajua yana watu. Nilimsihi. Nilimshika shati. Akanitoa vidole taratibu, kimoja kimoja.

"Mama, kazi iko wapi? Onesha minye, nitaenda."

Akaenda. Udongo ulimwangukia yeye na wenzake. Wakamleta nyumbani kwenye lori, amefunikwa kitenge cha mtu nisiyemjua.

Nyumba yangu iko nyuma ya uwanja wa Kikula, ukuta mmoja tu katikati. Tulimzika, na turubai likabaki mbele ya mlango, na kwaya ya parokia ikaimba mpaka sauti zikawakauka. Kilio kilikuwa bado hakijavunjwa siku ya sherehe ya watoto ya kufunga mwaka wa shule ilipofika. Niliiandaa mimi mwenyewe, kwa miezi kadhaa. Shule zilikuwa zimeahidiwa, bendi imepatikana, watoto wa Panda na Shituru wangekuja kwa miguu. Kuisogeza mbele haikuwezekana, maana baada ya hapo familia husambaa mashambani. Ilikuwa siku ile au basi.

Asubuhi Trésor akaingia. Akasalimia, akachukua kiti karibu na ukuta, akaketi. Akapewa maji, akanywa. Nikamtazama viatu: vilikuwa vyeupe kwa chokaa, ile tunayochorea mistari ya mbio. Nilijua tangu alipovuka mlango. Mimi ndiye niliyemfundisha kuketi vile, na siku hiyo nilimchukia kwa kuwa mwanafunzi mzuri.

Nilimwacha akae muda mrefu. Kisha nikamwuliza, kama inavyotakiwa.

"Trésor, unatafuta nini?"

"Mama, batoto beko kwa kiwanja."

"Hapana," nikasema. "Leo hapana."

"Ndiyo, Mama."

Akasimama, akainamisha kichwa, akatoka. Hakubembeleza, maana sheria ni sheria. Dada zangu walinishika mikono wakisema nimefanya vema. Nami nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, juu ya kila mtoto wa mji huu aliyekuwa hai na shati safi. Miaka yote niliyokalia miguu yangu kwenye misiba ya watu! Nilitaka kwa siku moja Likasi nzima inyamaze kwa ajili ya Fiston.

Ikanyamaza. Ndipo Papa Ramazani akaja.

Ni mzee sana sasa, anatembea kwa fimbo, na mjukuu alikuwa amembebea mkeka. Akautandika chini mwenyewe, karibu na kiti changu, akaketi kwa shida. Tulikaa. Baada ya muda akainua kichwa.

"Muziki iko wapi?"

"Nimebakatalia, Papa."

"Ni haki yako," akasema. "Ile siku ya Salima, Kalenga alizima yote. Minye nilirudi mu nyumba, nikasikia batoto banarudi kwabo. Hapana hata mumoja alisema. Miguu tu, miguu, inapita ku ukuta yangu. Muziki nilisahau, Mama Berna. Ile miguu, mpaka leo niko naisikia."

Nikatega sikio. Nyuma ya ukuta wangu walikuwa wameanza kuondoka. Watoto wengi, wamevaa viatu vya Jumapili, wakipita kwenye changarawe bila neno, kama walivyoambiwa na walimu wao kwa heshima yangu. Wengine walikuwa wametoka Shituru kwa miguu.

"Nitaikala na weye," Papa Ramazani akasema. "Kalenga aliikalaka na minye."

Nikamwita dada yangu. "Kimbia kwa Trésor. Umwambie aanze. Na asimuite Fiston ku micro. Jina yake ibaki humu na siye."

Nilisikia jenereta ikikataa, ikikataa, ikikubali. Nilisikia miguu ikigeuka, sasa ikikimbia. Bendi ikaingia na ule wimbo wake, ikakosea palepale inapokosea siku zote. Nami nikakaza meno kungoja manège, kwa sababu mlio ule ndio ulioniambia kila mwaka, nikiwa nyumba za watu, kwamba mwanangu anazunguka.

Haukuja. Nilingoja, nikadhani wameshindwa kuisukuma. Kisha nikasikia watoto wakipiga kelele za kizunguzungu, mzunguko baada ya mzunguko, na chini ya sauti zao hakuna chuma kinacholia. Nikakumbuka beringi. Fiston alikuwa ameiponya.

Hapo nililia kwa sauti, mbele ya kwaya, mbele ya wote, na Papa Ramazani hakuniambia ninyamaze. Alikaa mpaka wimbo wa mwisho. Hakutazama saa.

Nimestaafu sasa, na nafasi yangu haijajazwa. Trésor, upo peke yako na jenereta yako, na najua utajaribiwa kuiacha ile sheria ya tatu kwa sababu huwezi kuwa mahali pawili. Usiiache. Papa Ramazani hatoki tena nje, miguu imekataa. Yangu bado inakwenda. Zunguka siku moja kabla, uliza msikitini, na ukikuta kilio nitumie neno tu. Nitakuja na kiti changu.